Kiti Chako Kinalia

Karani hakuweza kunywa kitu chochote peke yake, hata maji. Nasema hata maji, wala sifanyi mzaha. Mlangoni mwa godauni letu kule Shimanzi palikuwa na mtungi, na kikombe cha bati kilichofungwa kamba kisije kikaibwa, na saa saba za jua ungemkuta amesimama pale kikombe mkononi, koo limemkauka, anatafuta mtu kwa macho. Akiniona tu, keshaniita. "We bwana, ndoo hapa. Huna kiu?" Nikimwambia sina, alikuwa hasikii. "Basi tuwe wawili tu," husema, nami hunywa maji nisiyoyataka ili mzee wa watu apate kunywa yake.

Na si maji peke yake. Kuna wakati alishikwa na kikohozi, akapewa dawa ya chupa, ile tamu inayonata kooni. Siku tano nzima nilikunywa dawa ya kikohozi mimi mzima wa afya, kijiko chake, kijiko changu, tumejificha nyuma ya magunia ya mchele wenzetu wasituone. Kadzo, mke wangu, aliponusa mdomo wangu aliuliza hii nayo ni pombe gani mpya. Nilipomweleza alinitazama weee, kisha akasema, "Nyinyi wawili mna wazimu, na wako ndio uliozidi."

Jina lake lipo na nalijua, lakini sijapata kumsikia mtu akilitumia. Marehemu mkewe mwenyewe alikuwa akimwita Karani, tena kwa sauti, kutoka ng'ambo ya njia. Alikuwa karani mkubwa wa kuhesabu mizigo katika kampuni yetu ya kutoa shehena bandarini Kilindini. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na chaki, na kila gunia likiingia yeye apige mstari ukutani, minne ya wima na wa tano wa kuikata. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo, na vumbi lote lile la saruji sijui lilikuwa likimkwepa vipi.

Gunia ambalo hakuliona kwa macho yake, kwake yeye halikuwepo. Siku moja dereva wetu wa trela, Kazungu, jitu la miraba minne lenye kicheko cha kusikika mpaka geti la bandari, aliapa kwa mamake mzazi kwamba ameleta magunia arobaini. Karani alisema ni thelathini na tisa. Wakabishana hadi mishipa ikawatoka. Karani akaamuru yote yashushwe upya, moja moja, na wapagazi wakamtukana kwa kila lugha ya pwani. Thelathini na tisa. "Mamako hana kosa," Karani akamwambia Kazungu, "ni wewe tu hujui kuhesabu." Tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kufa na kuzikana.

Sasa, mtu huyohuyo aliyeweza kusimamisha godauni zima kwa gunia moja, ikifika Ijumaa jioni alivuka barabara ya malori, akaingia baa iliyokuwa nyuma yetu, na hesabu yote akaiacha nje pamoja na chaki. Mezani hakuhesabu kitu. Sote hatukuhesabu.

Meza yetu ilikuwa ya watu sita, chini ya pangaboi, karibu na sinki ya kunawia mikono. Ilikuwa na sheria moja tu, na hakuna aliyepata kuitamka: kila mmoja aagizie meza nzima kwa zamu yake. Ilikuwa aibu kuondoka kabla ya zamu yako, na ilikuwa aibu vilevile kuondoka baada yake, kwa sababu ungekuwa unawanyima wenzio nafasi ya kukutendea. Kwa hivyo ukikaa na watu sita, ulikunywa chupa sita. Kiu yako hakuna aliyeiuliza.

Mimi nilitoka Rabai, kwa mama anayeimba kwaya, na kabla ya kazi ile nilikuwa nimeonja mnazi mara mbili tatu matangani, basi. Ijumaa yangu ya kwanza Karani alinivutia kiti chekundu cha plastiki chenye ufa mgongoni, akakipangusa kwa leso yake. "Kaa," akaniambia. "Tuwe sita." Hakunishika koo. Hakuna aliyenishika koo. Nilikuwa mgeni mjini, ninakula peke yangu, ninalala peke yangu, na hawa watu walikuwa wanacheka, halafu wananivutia kiti. Ningekunywa hata dizeli. Nilikaa kwenye kiti kile miaka kumi na mmoja, na Kadzo aliponioa, maana ndivyo anavyosema mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyenioa, aliijua Ijumaa kuwa ni siku ya chakula kupoa na watoto kulala bila kumwona baba.

Ijumaa moja binamu wa Kazungu alitutembelea kutoka Mariakani, akaongezwa kiti. Kesho yake kazini vichwa vilituuma vibaya, kila mmoja na sababu yake. Mmoja alilaumu nyama choma, mwingine joto, mimi nikalaumu kachumbari. Karani alisikiliza, kisha akaenda ukutani, akapiga mistari sita na chaki. Akasimama kidogo. Akaongeza wa saba.

"Tulikuwa saba," alisema. "Hakuna kingine. Jana tulikuwa saba."

Tulicheka sana. Yeye alibaki akiutazama ule ukuta. "Kumbe pombe hatuinywi sisi," alisema polepole. "Twanywa watu."

Nilidhani ni mzaha wa kazini. Lakini nadhani siku ile alianza kuhesabu.

Halafu akaugua. Alianza kuwa wa manjano machoni, akapungua ndani ya lile shati jeupe, na daktari akamwambia ini limeharibika na akiendelea kunywa atakufa. Hakumzungusha. Alimwambia utakufa. Karani aliniita mtungini kunieleza, kikombe mkononi kama kawaida.

"Nataka kuacha," alisema.

"Acha basi."

"Siwezi kuacha peke yangu. Wewe wanijua. Tuwe wawili."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Karani, mimi ini langu zima!"

"Na kikohozi, ulikuwa nacho?"

Nilimwambia tutaongea, nikanywa maji yangu, nikarudi kwenye magunia.

Alijaribu hivyohivyo bila mimi. Ijumaa ya kwanza alikuja mezani akaagiza soda. Kazungu aliitazama ile soda kwa huruma ya kweli, akaichukua, akaimwaga kwenye sinki, akamwekea bia. "Mzee wetu hawezi kuaibishwa hivi," alisema, na hakuwa na ubaya wowote moyoni, naapa. Karani aliinywa. Ijumaa ya pili hakuja. Alijifungia chumbani kwake Mji wa Kale, kwenye kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, na wiki nzima hatukumwona ila kazini. Ijumaa ya tatu tena hakuja, na hapo ndipo nilipofanya nililofanya.

Tulikuwa na kundi letu la simu, sisi sita, la kutaniana na kutumiana vichekesho. Kulikuwa na mchezo mmoja humo, na mwanzilishi wake, kwa aibu yangu, ni mimi. Mtu asipofika Ijumaa, tulipiga picha kiti chake kitupu, tukaituma kundini na maneno matatu: Kiti chako kinalia. Basi. Hakuna aliyeweza kuikaidi picha ile. Mmoja wetu aliwahi kuacha arusi ya shemeji yake, akaja na ua kifuani. Sijui ina nini. Nadhani mtu akiona mahali pake patupu, na ajue kuna watu wamekaa wanapatazama, miguu hunyanyuka yenyewe.

Nilipiga picha kiti cha Karani. Nilijua alivyoambiwa na daktari, sitajitetea, nilijua. Lakini nilikuwa nimemkosa. Nilituma.

Alifika haraka, shati limepigwa pasi, anatabasamu mpaka masikioni. Tulimshangilia hadi weita akaziba masikio. Tulikuwa sita tena, na akanywa sita. Jumapili alitapika damu, jirani zake wa kichochoroni wakambeba mpaka kwenye teksi, na daktari wa zamu akasema wangechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Nataka nieleweke. Hakuna mbaya katika habari hii, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwepo. Meza nzima ilikwenda hospitali kumwona. Kazungu alibeba machungwa mfuko mzima na akalia ukumbini mbele za watu. Tulimpenda yule mtu, na tulikuwa tumekaribia kumzika kwa mapenzi yetu.

Wenzangu walipotoka nilibaki. Muuguzi akaja akinung'unika: mzee huyu ameambiwa anywe maji, jagi limekaa tangu asubuhi, hataki. Karani alikuwa ameelekea ukutani. Nilizunguka kitanda, nikatafuta kikombe cha pili, nikamimina viwili.

"Tuwe wawili," nikasema.

Aligeuka. Alikitazama kile kikombe changu, halafu akanitazama mimi, na macho yake bado yalikuwa ya manjano.

"Hata kwa kuacha?" aliuliza.

"Hata kwa kuacha."

Tukanywa maji. Sijapata kuogopa maji namna ile maishani mwangu.

Nimemtaja mtu huyu kwa uzuri, sasa niseme na kero zake. Alikuwa king'ang'anizi. Ukienda kwake kwa dakika tano, huondoki. Akicheza dama akashindwa, alidai mchezo urudiwe kwa sababu wewe ulikohoa. Kanisani alikwenda Krismasi tu, na huko nako alinipitia mimi, nimsindikize. Na hizo Ijumaa za mwanzo, yeye bado yuko likizo ya ugonjwa, Bwana wee, alinisumbua! Mikono ilikuwa ikinitetemeka, nimekaa kazini nimekodolea saa, na saa kumi kamili simu inalia. "Uko wapi? Maji yangu yanakungoja." Nikimwambia nimechoka leo, nakwenda nyumbani, alisema, "Nyumbani kwako si njia hii ya kwangu?" Wakati huo mimi nakaa Tudor na yeye Mji wa Kale, wapi na wapi. Lakini nilikwenda. Sasa najua alikuwa akiniokoa huku akijiokoa, na sidhani yeye alikuwa akiona tofauti.

Chini ya chumba chake, penye kona ya kichochoro, walikuwa wakikaa wanywaji kahawa baada ya alasiri. Wazee watano wa mtaani, miongoni mwao Maalim aliyesomesha chuo cha Kurani hapohapo jirani, na muuza kahawa mwenye dele lake, birika la shaba, ambaye kila mtu alimwita Ami. Karani alikuwa amewapita miaka ishirini, mara nyingi akipepesuka, na siku zote walimjibu salamu yake vizuri kana kwamba hawasikii harufu. Siku ya kwanza tuliposimama badala ya kupita, Ami hakuuliza lolote.

"Masalkheri."

"Masalkheri, Karani. Karibuni. Kaeni kitako."

Na hapo Karani akafanya kosa ambalo ni mtu wa meza yetu tu angelifanya. Aliagizia baraza nzima kahawa. Wazee wakashukuru, wakanywa. Akangoja mwingine naye aagize. Wapi, watu wanaongea habari zao za nyumba na mirathi. Karani akaona labda wanamwonea haya mgeni, akaagiza mzunguko wa pili. Kisha wa tatu, mpaka wa sita. Wale wazee wana adabu zao, mtu kaja mara ya kwanza kakukirimu, utamkatalia vipi? Wakanywa, na ile kahawa ya Ami si ya mchezo, chungu, ina tangawizi ya kutoa machozi. Tuliondoka pale vikombe sita kila mtu.

Siku ya pili Maalim alitukuta tunapiga salamu, macho yake mekundu. "Karani, ndugu yangu," akasema, "jana usingizi haukunijia hata lepe. Nimesoma juzuu kumi. Thawabu zake nakugaia nusu, lakini leo niachie nilale." Baraza nzima ikaangua kicheko, na Karani akataka ardhi imfunike.

Ami ndiye aliyemwonyesha, taratibu, asimtie aibu. Alichukua kikombe chake mwenyewe akakiweka mkononi mwa Karani. "Hapa kwetu, bwana, ukitosheka warudisha kikombe. Basi. Hakuna atakayekuuliza."

Karani alikigeuza kile kikombe kidogo. "Hata kama ni cha kwanza?"

"Hata kama hukunywa kabisa. Kaa tu."

Nilimwona akipangusa uso kwa mkono wa lile shati jeupe. Nami nilitazama upande mwingine, maana machozi yangu nayo yalikuwa karibu. Miaka kumi na mmoja sikuwahi kujua kwamba mtu aweza kukaa na watu bila kulipia mahali pake kwa mwili wake.

Sisemi wale wa kahawa ni malaika. Wanasengenya, lo! Wanasengenya kuliko baa. Na Karani mwenyewe hakuacha kuitamani meza yetu hata siku moja. Hakuwahi kumsema vibaya yeyote. Tukikaa pale barazani, mara angeniinamia. "Kazungu yuko vipi? Bado hajui kuhesabu?" Nilimwambia yupo, mzima, anakusalimu. Kazungu kweli alikuwa akimsalimu, lakini kuja haji. Nadhani aliona haya kwa ile soda.

Miaka minne ikapita hivyo. Karani akastaafu, miguu ikaanza kumvimba, ngazi zikamshinda, akahamia chumba cha chini cha nyumba ileile. Hata barazani pa hatua ishirini sasa hafiki. Ami humpelekea salamu, na mimi kila Ijumaa nampitishia kahawa kwenye chupa ya chai.

Ijumaa iliyopita nilikwenda mapema kuliko siku zote. Nilimwekea chupa mezani, nikasimama mlangoni.

"Kaa," alisema.

"Leo napita tu, Karani."

"Wapita waenda wapi?"

Nilimdanganya, nikasema dukani. Ukweli ni kwamba Kazungu alikuwa anaacha kazi ya trela siku hiyo, anarudi kwao Mariakani kulima, na meza ilikuwa inamuaga. Nilikuwa nimejiambia nusu saa tu. Nitakunywa moja, kwa heshima yake. Nilikuwa nimejiambia hivyo wiki nzima, na kadiri nilivyojiambia ndivyo ile moja ilivyozidi kuwa ndogo. Karani alikuwa akinitazama viatu. Nilikuwa nimevaa viatu vizuri.

Simu ikatikisika mkononi mwangu. Kwa ule mtikisiko tu nilijua. Nilifungua, na kile kiti kikatokea, chekundu, na ufa wake mgongoni, kimevutwa nyuma kidogo kama aliyekuwa amekikalia amekwenda kunawa mikono. Chini Kazungu ameandika maneno yale matatu.

"Lete nione," Karani akasema.

Nilimpa. Aliishika mbali na macho kama wafanyavyo wazee. Akaitazama muda. Nilikuwa nimesubiri miaka minne kusema neno, na likanitoka pale mlangoni nimesimama na viatu vyangu vizuri. "Karani, ile ya kwako niliituma mimi. Nilijua unaumwa, nikaituma. Nisamehe."

"Najua ni wewe. Si jina lako lilikuwa juu yake?" Hakuinua macho kwenye simu. "Nilifurahi sana siku ile. Nilikuwa nimekaa kule juu wiki mbili nikidhani mumenisahau." Akaigusa ile picha kwa kidole. "Naye Kazungu leo amekukumbuka. Usimchukie."

"Simchukii. Ndiyo maana nataka kwenda."

Hapo akaniangalia. Hakunikataza. Alisema tu, "Tafadhali kaa, mwanangu," na katika miaka yote hiyo hakuwa amewahi kuniita mwanangu.

Nikakaa, kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda chake. Nikamsikia akihangaika na simu, akibonya huku akinung'unika, mara akaniambia nitulie nisitikisike. Akanipiga picha. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, ulimi nje. Aliponirudishia simu ilikuwa imeshakwenda kundini: mimi nimekaa, kikombe cha maji mkononi, nimekodoa macho kama niliyefumaniwa, na chini yake neno moja tu. Kimenyamaza.

Hakuna aliyejibu. Nilijua wameketi, simu inapita mkono kwa mkono. Niliona aibu, nikaona na nafuu, vyote pamoja. Karani alimimina maji yake, akagonganisha kikombe chake na changu, tukanywa.

Simu ikatikisika. Ni Kazungu.

"Hapo ni wapi?"

Nilimsomea Karani kwa sauti. Akajiinua kwenye mto, akavuta shati lake likanyooka, akaanza kutafuta kwa macho chumba kizima mahali penye kiti kingine.

"Mwelekeze aje," alisema. "Tuwe watatu."